Glavu ya Losheni Iliyogoma Kutoka Mkononi

Aibu hii nimekaa nayo tangu kiangazi cha mwaka jana na nimechoka kuibeba peke yangu, kwa hiyo leo naitua hapa mbele yenu, mcheke mkimaliza tuendelee na maisha. Wala hamtakuwa wa kwanza. Bwalo zima la wazazi lilishanicheka, wengine wakiwa wamesimama juu ya mabenchi ili waone vizuri.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko mjini Singida na nyumbani ni Unyambwa. Shule niliacha kidato cha pili, mwaka ule ule tulipomzika mama (baba alikuwa ametangulia), nikabaki na wadogo zangu watatu. Sisemi haya ili nihurumiwe, huruma nilishakula nikashiba. Nasema ili mjue kwamba penye kikao cha wazazi, mzazi ndiye mimi, na nimekuwa mzazi tangu nina miaka kumi na sita, hata ndevu zilinikuta tayari ni baba wa watu.

Wa mwisho wetu anaitwa Naomi. Ana ukurutu tangu mdogo. Kiangazi kikianza na ule upepo wetu (wa Singida mnaujua, unavuma kama una ugomvi na mtu) mgongo wake unakauka, unapasuka, unatoa magamba. Daktari alisema ugonjwa huo hauambukizi, dawa yake ni losheni nzito asubuhi na jioni, ngozi isikauke. Miaka yote hiyo nilimpaka mimi. Asubuhi moja akiwa na miaka kumi na tatu alisimama mlangoni na kopo lake mkononi, akaniambia, "Kaka, basi sasa." Sikuuliza basi nini. Alikuwa amekua, na mimi ni mwanamume. Mama jirani akawa anampaka, mpaka Naomi alipochaguliwa kwenda shule ya bweni upande wa Ikungi.

Sasa mwezi wa saba ule matroni akanipigia simu. Wasichana wa bwenini wanaogopa, wazazi wao wanalalamika kwamba watoto wataambukizwa, kwa hiyo Naomi arudi nyumbani kwa muda, na mlezi wake afike kwenye kikao cha wazazi baada ya wiki tatu aeleze hali ya mtoto. Kama maelezo hayaridhishi, atafute shule ya kutwa. Shule ya kutwa iliyo karibu na kwetu haina mchepuo anaosoma Naomi. Nilielewa vizuri kilichokuwa kinasemwa.

Naomi akaja na tranka lake, akalisukuma chini ya kitanda. Kichwani nilikuwa nimeshapata jibu: kama mtoto angeweza kujipaka mgongo mwenyewe, hakuna ambaye angehitaji kumgusa, na asipoguswa na mtu, watamuogopea nini? Nikachukua utepe, nikamwambia ageuke, nikampima mgongo juu ya shati, toka shingoni mpaka kiunoni, nikaandika kwenye karatasi. Kesho yake nikaanza kutengeneza glavu.

Glavu ya kwanza niliweka sponji upande wa kiganja, kama mtu yeyote mwenye akili. Nikaivaa, nikapeleka mkono nyuma, nikagundua kwamba mkono ukienda mgongoni kiganja kinatazama nje. Nilikuwa napaka losheni hewa. (Jaribuni wenyewe hapo mlipo. Mnaona?) Kwa hiyo ya pili nikahamishia sponji nyuma ya mkono. Ikafika mgongoni vizuri, ila sponji ikanywa losheni yote kama ng'ombe aliyetoka mbali, ngozi ikabaki kavu. Ya tatu nikafunika sponji kwa raba laini ya tyubu ya baiskeli, losheni ikakaa juu. Lakini haikufika pale katikati ya mabega ambapo Naomi anaumia zaidi, nikaongeza kipande cha soli mbele ya vidole, kigumu, kimejikunja kidogo. Ikawa kama mdomo wa bata.

Wateja walinitania wiki zote tatu. Mmoja aliishika, akaigeuza geuza. "Fundi, hiki kiatu ni cha mguu gani?"

"Cha mkono."

"Haya. Kumbe Singida tumeendelea."

Asubuhi ya kikao nikaona raba imeanza kubanduka kwenye ncha. Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nilipaka gundi ya viatu, nikaipaka nyingi kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa fundi viatu, mnaojua kazi hii, akishabandika soli anaingiza mkono ndani ya kiatu na kukandamiza kwa nguvu, mpaka ishike. Nimefanya hivyo kwa viatu vya watu miaka kumi na kitu, mkono wangu hauulizi tena. Ukaingia. Wa kulia. Nikakandamiza juu ya goti kwa nguvu zangu zote, na gundi, badala ya kukaa ilipowekwa, ikapita kwenye matundu ya sindano ikaingia ndani kunisalimia.

Gari la Ikungi lilikuwa linapiga honi. Nikapanda vile vile nimevaa, nikisema moyoni njiani itakuwa imekauka nitaivua.

Naomi aliketi pembeni yangu na sare yake. Baada ya muda akanitazama mkono.

"Kaka, vua hicho kitu."

"Kinakauka tu."

"Tunakaribia. Kivue."

"Naomi, hakitoki."

Akageukia dirishani. Hakunitazama tena mpaka shuleni.

Mlangoni mwa bwalo alisimama mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Ntandu, anapokea wazazi mmoja mmoja kwa mkono kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimeuficha mkono ndani ya koti, kwenye kifua, kama mtu mwenye maumivu ya moyo. "Shikamoo mzee," nikasema, nikampa wa kushoto.

Mzee hakuupokea. Aliutazama kwanza. "Marahaba. Mkono gani huu unaonipa, kijana?"

"Nisamehe mzee wangu, wa kulia una kazi."

"Kazi gani Jumamosi?"

Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Nikapita kichwa chini, nikakaa benchi la mwisho. Na kwa akili zangu hizi, nikafikiri, kwa kuwa nitaitwa kuonyesha glavu, heri losheni iwe tayari, nisihangaike na kopo mbele za watu. Nikamimina losheni juu ya raba, nikarudisha mkono ndani ya koti. Bwalo lilikuwa na joto la watu. Losheni ikayeyuka, ikapenya, ikaanza kutoka upande wa pili wa koti, doa zito jeupe lenye unyevu, linakua taratibu kifuani pangu. Mama aliyekaa kushoto kwangu akasogea. Kisha akahama.

Matroni akaita, "Mlezi wa Naomi yupo?"

Nikasimama. Nilikuwa nimekariri maneno yangu njia nzima, jinsi daktari alivyosema, jinsi ukurutu usivyoambukiza. Sikufika hata sentensi ya kwanza. Baba mmoja wa mbele akaninyooshea kidole. "Kwanza atoe huo mkono tuuone! Anauficha wa nini?"

Nikautoa. Fikirini wenyewe walichokiona: mkono umevimba sponji, umefungwa raba nyeusi, unatiririka kitu cheupe, na mbele una mdomo.

Mabenchi yalivutwa nyuma mara moja.

"Mnaona? Hata kaka mtu umemshika!"

"Si ugonjwa jamani, ni glavu," nikasema. "Ni glavu tu, nimeitengeneza mwenyewe."

"Basi ivue."

Nikaivuta. Ikaja na ngozi kidogo, nikaacha. "Haitoki," nikasema.

Hakuna aliyecheka bado wakati huo. Nilikuwa nimesafiri kuja kuwaeleza wazazi kwamba ugonjwa wa mdogo wangu hauna kushikana na mtu, na nilikuwa nimesimama mbele yao na kitu kilichonishika mpaka kwenye kifundo.

Mtu aliyechanganyikiwa haachi, anaongeza. Nikaona dawa ni kuwaonyesha inavyofanya kazi, wakiona wataelewa. Nikavua koti, nikapandisha shati, nikapitisha mkono chini ya fulana mpaka juu mgongoni. "Mnaona, mtoto anajipaka mwenyewe, hapa, na hapa, hakuna anayemgusa." Ule mdomo wa bata ukapita ukatokea shingoni, ukanasa kwenye ukosi wa fulana. Nikavuta chini, ukosi ukanikaba koo. Nikalegeza, nikajaribu kwa pembeni, nikajikuta nazunguka pale pale kama mbwa anayefuata mkia wake, mkono mgongoni, tumbo nje, natoa sauti ambazo sitazisimulia.

Hapo ndipo bwalo lilipovunjika kwa kicheko. Naomi alikuwa mlangoni. Alivuta sweta akajifunika uso.

Aliyekuja kuniokoa ni mama mmoja wa makamo kutoka Mungaa, mama yake Mwanaidi, msichana anayelala kitanda kilicho juu ya cha Naomi. Sikumjua kabla ya siku ile. Alikuja na chupa ya mafuta ya alizeti aliyokuwa amemletea mwanawe.

"Kaa chini kaka mtu, utajivunja bega." Akaingiza mikono yake mitupu ndani ya fulana yangu, akanasua ule mdomo.

"Mama Mwanaidi, usimguse!" mtu akapiga kelele.

"Nimeshamgusa," alijibu bila kugeuka. "Na nikirudi nyumbani nitasonga ugali kwa mikono hii hii. Asiyetaka asile."

Akanikalisha, akaweka mkono wangu juu ya mapaja yake kama mtoto anayekatwa kucha, akaanza kumimina mafuta pembeni mwa glavu na kusugua kwa kidole, taratibu, kidole kimoja kimoja. Gundi yangu ni nzuri, siku ile niliijutia. Matroni alisubiri, akachoka, akaendelea na ajenda. Tukapita kwenye mahindi ya chakula cha wanafunzi, tukapita kwenye paa la choo cha wasichana, mimi bado nimeshikwa mkono na mama wa watu mbele ya bwalo, mafuta yananitiririka hadi kiwikoni. Waliokuwa wamehamisha mabenchi wakachoka kusimama, wakarudi kukaa.

Glavu ilipotoka, Mama Mwanaidi akajifuta kwenye khanga yake, akamgeukia mkuu wa shule. "Mwalimu, mwanangu amempaka huyu binti losheni tangu kidato cha kwanza, mpaka matroni alipowakataza. Likizo ya Pasaka Naomi alikuja kwetu, wakalala kitanda kimoja wiki nzima. Mtoto wangu yule pale dirishani. Mwiteni, mkague mgongo wake. Mkitaka na wangu."

Hakuna aliyetaka kukagua mgongo wake.

Mkuu wa shule aliomba wazazi watulie, akasema Jumatatu Naomi anarudi bwenini, na muuguzi wa zahanati ataitwa azungumze na wasichana wote pamoja na matroni. Baba yule wa mbele alinung'unika, akasema atamhamisha binti yake bweni. Amhamishe. Mimi nilikuwa nimebaki na neno moja kichwani, nikatoka nalo nje nikamkuta Naomi ameegemea ukuta.

"Kumbe ulikuwa unapakwa?"

"Kila siku."

"Na Pasaka uliniambia unabaki shule kujisomea."

"Ungeniruhusu kwenda kwa watu?"

"Wiki tatu unaniona nashona kitu hiki. Mbona hukuniambia, Naomi?"

"Hukuniuliza, kaka. Ulinipima mgongo kwa utepe, ukaondoka." Akaniangalia mkono, ulikuwa mwekundu kama umechunwa. "Mimi nilidhani unanishonea begi."

Nikaketi chini pale kwenye kokoto. Miaka yote nimewalisha, nimewavisha, ada sijachelewesha hata muhula mmoja, na nilikuwa nadhani kazi ya mzazi ni hiyo, kuona tatizo na kulishonea dawa. Naye akakaa. Kisha akafungua kopo lake la losheni, akachota kidogo, akauchukua ule mkono wangu uliochubuka, akaupaka yeye. Hakunipaka kwa upole, alikuwa bado na hasira.

Wasichana wa bwenini wananiita Kaka Bata mpaka leo, nikienda siku ya kutembelewa wanaitana madirishani. Nimekubali. Ila nimejiapia mawili. Mkono wangu hauingii tena ndani ya kitu chenye gundi mbichi, hata kama ni kiatu cha mkuu wa mkoa. Na kabla sijatoa utepe kumpima mtu wa nyumbani kwangu, nakaa kwanza, namuuliza, halafu nanyamaza nisikie. Juzi nilimuuliza Naomi anataka viatu vya namna gani vya kidato cha nne, akaongea karibu saa nzima, robo yake ndiyo ilikuwa ya viatu. Nilikuwa nimechoka, macho yanajifumba. Nilisikiliza yote.