Depo ya Mama na Virgule Yangu

Mara ya kwanza nilipotetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, niliaibika mbele ya watu wazima wanne waliovaa tai. Tovuti niliyoijenga miezi mitano iligoma kufunguka. Kilikosekana kipande kimoja tu, faili dogo nililolisahau nyumbani Majengo, mtaa wetu wa Goma, na Java, lugha ya kompyuta niliyoitumia, haina huruma: kikikosekana kimoja, vyote vinalala. Rais wa jopo akafunga daftari lake akasema nirudi mwaka unaofuata. Akaongeza kwamba ikitokea tena, nisijisumbue kurudi, kwa sababu chuo chetu hakimpi mtu nafasi ya tatu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimenuna kiasi kwamba hata muuza maandazi wa kona yetu hakuthubutu kunisalimia. Mama alikuwa depo. Mama yangu ana depo ya maharagwe na viazi: chumba cha mbao chenye bati lililopata kutu, magunia hadi darini, na yeye mwenyewe mlangoni juu ya kiti cha plastiki. Nilimwambia nimeanguka. Hakulia, hakunifokea. Aliniuliza tu nilikosa nini.

"Nilisahau kipande kimoja."

"Na kwa nini kilikuwa kwengine? Depo yako haiko?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kompyuta si maharagwe. Namwomba radhi hapa, kwa maandishi, maana kwa mdomo sijawahi.

Niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu sikuichagua kwa kujipendekeza kwa mtu. Nilipokuwa mdogo tulikaa Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Waasi walipokuja tulikimbia, mama na mimi upande mmoja, papa, yaani baba yangu, upande mwingine. Majuma matatu tulimtafuta katika kambi za Mugunga, na kumbe jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa tulilolipita kila siku. Karatasi ilikuwa imefunikwa na karatasi nyingine. Basi nilitaka kujenga tovuti ambayo mtu anaandika jina la ndugu yake na inamwonyesha ameandikishwa wapi. Hakuna karatasi ya kufunika nyingine.

Mwaka uliofuata nilianza upya, na safari hii nilianza na Maven. Kwa asiyejua, Maven ni chombo cha kukujengea mradi. Zamani nilikuwa nawinda vipande vilivyoandikwa na watu wengine, kimoja kimoja, nikivirundika kwenye folda kama mtu anayeokota kuni. Kwa Maven unaandika orodha katika faili moja: nataka kipande fulani, toleo fulani. Chombo chenyewe kinakwenda mtandaoni kuvileta, kinatafsiri msimbo wako, kinafunga kila kitu kwenye kifurushi kimoja tayari kwa kuwashwa. Siku ya kwanza, katika cyber ya jirani yetu, chumba anachokodisha mtandao, niliangalia majina ya vipande yakishuka kwenye kioo, mstari kwa mstari, nikacheka peke yangu. Mwenye cyber, papa mmoja mnene asiyependa kelele, aliniuliza kama niko mzima.

Kufika mwezi wa tano tovuti ilikuwa inafanya kazi. Tarehe ya kutetea ilikuwa imebandikwa. Ndipo mlima ukapasuka.

Lava haikufika kwetu, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, hadi asubuhi moja redio ikatangaza tuhame. Mji mzima ulishika barabara ya Sake. Nilibeba kompyuta mgongoni, na nakala ya mradi kwenye flash niliyoificha ndani ya sidiria. Mama alibeba sufuria, maharagwe, blanketi, na kopo jipya la poudre, poda ya kujipaka.

Kwetu, mtu akishinda mtihani au akitetea kazi yake vizuri, humwagiwa poudre nyeupe kichwani mpaka afanane na mtu aliyelala kwenye unga. Mama alikuwa amelinunua kopo lile mapema, tangu tarehe ilipobandikwa. Nilipoliona Mugunga, tulipoketi kando ya barabara kupumzika, nilipandwa na hasira.

"Mama, mulima unapasuka, batu banakimbia, na weye unabeba poudre? Ya nini?"

Mama alilifunga tena kwenye kitenge chake, akakaza fundo.

Hatukuwa tumetembea hatua mia baada ya hapo msukumano ulipotokea. Mtu alipiga kelele kwamba lava inakuja, watu wakaturukia kwa nyuma, mkanda wa begi langu ukakatika. Kompyuta ilianguka juu ya mawe meusi na miguu ikapita juu yake. Nilipoiokota ilikuwa imekunjika. Nilisimama katikati ya barabara nikitukana mlima, waasi, barabara na fundi aliyeshona lile begi, mpaka mama akanivuta mkono. Kopo lake la poudre halikupata hata mkwaruzo.

Tuliporudi Goma, nyumba ilikuwepo na depo ilikuwepo. Chuo kikatangaza tarehe mpya: siku kumi. Mwalimu aliyekuwa akisimamia kazi yangu aliniazima kompyuta ya zamani, nzito kama tofali. Nilichomeka flash nyumbani, pasipo mtandao, nikaita Maven ijenge, nikakaa kusubiri. Ikajibu kwa maandishi mekundu: haioni kipande hata kimoja.

Nilidhani flash imeharibika. Nilisoma maelezo ya chombo kwa Kifaransa, na hapo nikakutana na maneno mawili yaliyonifanya nishike kichwa: dépôt local, depo ya hapohapo. Kumbe vile vipande haviishi ndani ya mradi. Maven huviweka pembeni, kwenye folda yake iliyofichwa, na siku nyingine huchukua humo bila kwenda tena mtandaoni. Kwenye flash nilibeba orodha, nikaacha depo ndani ya kompyuta. Na depo ilikuwa imekanyagwa Mugunga.

Nilimweleza mama, safari hii kwa adabu. Alisikiliza huku akipepeta maharagwe.

"Sasa njo unajua," akasema, na "njo" ya kwetu ni "ndiyo" ya vitabuni. "Hautaenda Masisi kununua kila siku juu ya kilo moya. Siku barabara iko wazi, unajaza depo. Siku bakiifunga, unauzisha."

Basi nilikwenda cyber kujaza depo. Mtandao baada ya mlima ulikuwa wa kuchechemea, unakuja, unapotea. Juu ya hayo, kompyuta ile ya zamani ilikataa kipande kimoja, kile kinachopokea maombi ya mtu anayefungua tovuti. Toleo nililokuwa nalo lilikuwa jipya mno kwake. Nilimpigia mwanafunzi mwenzangu aliyekimbilia Bukavu, msichana anayejua mambo haya kuliko sisi wote. Simu ilikuwa inakatika. Nilisikia vizuri jambo moja tu: "Chukua deux virgule cinq!"

Nikaandika 2,5. Nikajenga. Maandishi mekundu: hakipatikani.

Siku mbili nzima nilijaribu. Nililaumu mtandao. Nililaumu mlima, kwa kuwa ulikuwa umezoea kulaumiwa. Nilimlaumu yule msichana, nikamtumia ujumbe ambao nafurahi haukufika. Vipande vingine vyote vilishuka, hicho kimoja hapana, na nikaanza kumwona rais wa jopo akifunga daftari lake. Nilikufa moyo kabisa. Nakumbuka nilihesabu siku zilizobaki, zikawa tatu, nikaweka paji la uso juu ya kibao cha herufi.

Mwenye cyber alikuja kuniambia anataka kuzima jenereta. Akainama nyuma yangu, akasoma kioo.

"Hii virgule inatafuta nini hapa?"

"Virgule gani, papa?"

"Hii. Zingine zote ziko na point, hii yako iko na virgule. Mashini haikusoma shule yetu, binti."

Niliangalia. Tangu darasa la kwanza, mbili na nusu tumeiandika kwa virgule, yaani mkato, tumeitamka kwa virgule, walimu wametuchapa tulipoisahau. Macho yangu yalikuwa yamepita juu ya ile 2,5 mara mia na kuiona ni sahihi. Nilifuta alama moja, nikaweka nukta. Kipande kikashuka kwa muda usiotosha kupiga chafya. Nilimrukia yule papa na kumkumbatia, na yeye, mtu asiyependa kelele, akacheka kuliko mimi. Jenereta aliiacha ikiendelea.

Kabla sijaondoka nilichomoa waya wa mtandao, nikaiamuru Maven ijenge kwa kutegemea depo yake peke yake. Ikajenga. Nikafuta, nikajenga tena. Mara nne nilifanya hivyo, kwa raha tu.

Siku ya kutetea kazi, réseau, yaani mtandao, ilikuwa imekufa mji mzima. Walisema ni kwa sababu ya mapigano upande wa milimani. Kwetu sababu haikosekani. Wenzangu wawili walionitangulia waliombwa kuonyesha kazi zao, wakasimama wakitazama kiduara kinachozunguka. Jopo likawaahirisha. Zamu yangu ilipofika, mama alikuwa ameketi mstari wa nyuma na kikapu magotini, amevaa kitenge cha Noeli.

Tovuti ilifunguka. Rais wa jopo hakuridhika. Alinikumbuka.

"Badilisha kichwa cha ukurasa," akasema, "halafu ujenge mradi wote upya, hapa mbele yetu. Au unahitaji réseau?"

"Hapana, papa. Niko na dépôt local. Imejaa."

Nyuma ya chumba sauti ikasema, bila kuombwa: "Hiyo njo kazi!" Watu wakageuka. Mama hakuona aibu hata kidogo.

Nilibadilisha kichwa, nikabonyeza. Mistari ikashuka, ikashuka, ikasimama, na chini kabisa yakatokea yale maneno mawili ya Kiingereza ambayo hata mama sasa anayajua: BUILD SUCCESS. Niliwasha tovuti. Rais wa jopo akaniambia nitafute jina lolote. Niliandika jina la papa yangu, ambalo nilikuwa nimeliingiza la kwanza kabisa. Likatokea mara moja, na mahali pake: Mugunga, mlango wa kanisa.

Walijadili dakika chache wakatuita. Nilipita, na kwa alama ambazo sitazitaja, kwa sababu nitaonekana najisifu, na kweli ningekuwa najisifu.

Sikumwona mama akifungua kikapu. Niliona weupe tu. Kopo zima lilishuka kichwani mwangu, masikioni, ndani ya shati, na mimi nikajitupa juu ya kompyuta ya mwalimu kuikinga kwa mwili wangu, nikipiga kelele, "Mashini, mama! Chunga mashini!" Jopo zima lilikuwa linacheka. Mama alitikisa kopo hadi punje ya mwisho, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Kule Mugunga uliniuliza hii poudre ni ya nini," akasema. "Njo ya hii."