Nyoko ya Kihaya

Leo nimenaswa na wimbo, tena nimeutunga mwenyewe.

Nilikuwa kibandani kwangu hapa Miembeni, nashona kaptura ya karani wa Bwana DC, naimba: "Nyoko naija."
Kwetu Wahaya maana yake mama yako anakuja. Basi.

Bi Zuhura wa Tanga, aliyekuwa anasubiri gauni lake, akainuka.
"Fundi, unanitukania mama?"

Nikaapa kwamba si tusi. Akasimama mlangoni, na mlango ni huo mmoja, akasema sitoki mpaka Mhaya mwingine anitetee.

Akatokea mama mkwe wangu, Mhaya wa Buganguzi, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Si tusi, dada. Ni Kihaya safi."
Nikapumua.
"Ila kila nikifika nausikia. Mwanangu, huwa unamwimbia nani?"

Mke wangu yuko chumba cha ndani. Ukweli, nikimwona mama yake njiani, ndivyo ninavyomwonya mke wangu.

Sasa Bi Zuhura na mama mkwe wamekaa mlangoni, wanasubiri jibu.
Jamani, mwenye wimbo usio na mama ndani yake aniletee upesi.