Mikono Juu ya Ukuta

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, na mtoto niliyembeba siku ile yupo hai, nenda kamuulize.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, mume wangu akifanya kazi kwenye almasi Mwadui. Nilitoka kwetu kumfuata, mwanangu Masanja mgongoni, niwahi lori Tinde. Njia ya mkato ilipita kati ya milima miwili ya mawe, penye ukuta wa zamani uliojengwa enzi za vita kuzuia wavamizi. Ulikuwa wa mawe matupu yaliyopangwa bila udongo, mrefu kuliko mtu, na mlango wa kupita ng'ombe mmoja mmoja.

Mawingu yalikuwa yamefunga kule juu mlimani, ila mlangoni pale jua liliwaka. Nikasikia mtu akiniita mama, kwa Kisukuma: "Mayu, nipe mtoto."

Mzee alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukuta, ameninyooshea mikono. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

"Watoto kwanza," akasema. "Nipe."

Nimpe mwanangu? Siku zile kila mtu alimwogopa mumiani, mnyonya damu. Wewe ungempa? Nilimtukana matusi nisiyoweza kuyarudia hapa. Aliposhika mbeleko, nikamng'ata mkono. Niamini, meno yangu hayakukuta nyama. Yalikuta vumbi kavu.

Nikageuka nikimbie nilikotoka. Hapo nikasikia mngurumo, na maji mekundu yakatokea kwenye kona yamebeba mti mzima, yanakuja kwenye mlango ule ule niliposimama.

"Watoto kwanza, mayu!"

Nikampa. Mungu anajua nilivyolia nikimpa. Maji yakanifika kiunoni, nikashika mawe, nikaparamia. Hakuna jiwe hata moja lililotikisika. Juu nikamkuta Masanja peke yake, mkavu, anacheka. Nikatazama huku na huku: mawe na maji tu. Yule mzee angekuwa ameenda wapi?

Nilipomsimulia mama mkwe, hakushtuka. Alisema zamani vita vikija, mlinzi alilala juu ya ukuta kupokea watoto, maana mlangoni watu walikanyagana.

"Kumbe bado yuko zamu," akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Miaka michache baadaye watu walikuja kuchukua mawe yale wajengee lambo la maji. Nilikwenda nikakaa juu ya ukuta na chakula changu mpaka wakaondoka. Walinisema sana. Ukuta upo.

Kwa hiyo wewe utakayepita pale na mtoto, usilete ujeuri wangu. Ukiona mikono, mpe. Maji hayasubiri umalize kutukana.