Nilipoacha Kumpigia Baba Mkwe Magoti

Kina mama wakubwa, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti wetu wa kikundi ameniomba nitumie lugha ya staha. Nimemwambia sitaweza. Staha ndiyo iliyonikalisha miezi mitano nikinuka ndani ya nyumba yangu, kwa hiyo leo kila kitu nitakiita kwa jina lake. Anayeona aibu aangalie dirishani.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora mjini, nikaolewa Choma, kule Igunga, kwa watu wa ng'ombe na mpunga. Nilikuwa mzima wa afya. Nilipalilia kutwa, nilibeba maji, na kila asubuhi nilikwenda kwa baba mkwe, napiga magoti, napiga makofi taratibu, namwamkia. Kwao mwanamke hamwamkii mzee akiwa amesimama. Mwanzoni nililalamika, halafu nikazoea.

Kisha nikamzaa Kabula, mtoto wangu wa kwanza. Kilo nne na nusu! Nilisukuma tangu asubuhi hadi mchana. Kichwa kilipotoka nilisikia kitu kinapasuka kama kanga mpya inayochanwa. Nesi wa zahanati alikuwa peke yake, ana wazazi watatu kwa mpigo. Akanishona harakaharaka, akasema, "Umechanika kidogo, utapona." Kidogo! Nilichanika kutoka mbele hadi kwenye tundu la haja kubwa.

Nyumbani mama mkwe akachemsha maji ya kunikanda. Si ya vuguvugu, yanatokota.

"Mama, panaungua!"

"Ndiyo dawa yenyewe. Jikaze."

Nikajikaza. Siku ya sita nyuzi zikaachia, usaha ukatoka, nikawa nalala kifudifudi na kunyonyesha kwa ubavu. Watu wa kwetu zamani walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Mimi nilishindwa kubeba ndoo hadi jikoni.

Kidonda kilikuja kufunga, lakini upepo ukawa unatoka wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Choo kikiwa chepesi nacho kinatoka. Nilichana kanga mbili vipandevipande, nikawa nafua mara tano kwa siku na kuanika nyuma ya zizi. Kliniki ya wiki sita walimpima Kabula uzito, wakamjazia kadi, wakasema mtoto anaendelea vizuri. Na mama yake je? Nilipomwambia nesi kwamba siwezi kubana, alijibu bila kuinua kichwa.

"Ndiyo uzazi huo, mama."

Jamani, neno hilo nimelichoka! Mama mkwe naye, ndiyo uzazi. Jirani naye, ndiyo uzazi. Mtu akijikata mguu kwa jembe, tunamwambia ndiyo kilimo? Tunamkimbiza hospitali! Masanja, mume wangu, alijua kila kitu. Alihamia kwenye mkeka, akidai kitanda kina joto.

Sasa turudi kwenye yale magoti. Arobaini ilipoisha nilikwenda kumwamkia baba mkwe. Nilipokunja goti tu, upepo ukatoka, tena kwa sauti. Nikamsingizia mtoto. Siku ya pili ukatoka tena, na mtoto nilikuwa nimemwacha nyumbani. Siku ya tatu nikaamua kumwamkia nimesimama, nimebana mapaja. Hakuitikia. Siku zilizofuata alianza kugeuza uso akiniona, na mimi nikawa napita nyuma ya nyumba ili tusikutane.

Mwezi wa tano tangu nijifungue, akaitisha kikao cha ukoo. Baba mkwe kwenye kiti, mawifi chini, mama mkwe pembeni.

"Huyu binti wa mjini ana dharau," akasema. "Arudi kwao akafundwe. Mtoto akiacha ziwa, tutamfuata."

Kabula wangu! Nilimtazama Masanja. Alikuwa anachora ardhi kwa kijiti, kama hakusikia kinachosemwa. Mnajua nyie wenyewe kwamba baba mkwe hatajiwi mambo ya chini ya kiuno. Lakini nilikuwa nimechoka, wenzangu. Nilichoka kufua, nilichoka kujificha, na sasa nachukuliwa mtoto kwa ajili ya magoti! Nikasimama.

"Baba, nikipiga magoti najamba. Wakati mwingine najichafua kabisa. Nilichanika hadi nyuma nilipomzaa mjukuu wako. Mwanao anajua. Mkeo anajua. Mnataka nipige magoti? Haya, nitapiga sasa hivi, na mtanivumilia."

Wifi yangu mdogo alijifunika uso kwa kanga. Baba mkwe akamgeukia Masanja.

"Kwa nini mke wako hajafika hospitali?"

Yaani huyo huyo aliyenifukuza dakika tano zilizopita! Nilitaka kumjibu, nikameza mate. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye basi la Tabora, nimekalia kanga tatu, na Masanja kampakata Kabula.

Daktari alikuwa mwanamke. Akavaa glovu, akaingiza kidole, akasema, "Nibane."

"Nimebana, daktari."

"Sisikii kitu. Ulishonwa ngozi tu, mama. Misuli ya kubania haikukutana."

Nikalia. Sikulia kwa uchungu. Nililia kwa sababu kwa miezi mitano, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyepatazama. Wakanipasua, wakaishona ile misuli. Siku ya kwanza ya kwenda chooni nilishika ukuta, naomba Mungu, natukana, naomba tena. Walinipa dawa ya kulainisha choo, mboga za majani, na maji mengi. Nikafundishwa mazoezi: bana, hesabu hadi kumi, legeza. Nilibana nikipembua mchele. Nilibana kanisani mahubiri yakirefuka. Wiki kwa wiki, nguvu ya kubana ikaanza kurudi. Bado siku nikiharisha lazima niwe karibu na choo, siwadanganyi.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Masanja pia, ambaye siku hizi analala kitandani. Wewe unayejificha na vipande vya kanga, nenda hospitali. Nesi akikuambia ndiyo uzazi, usiondoke, mwambie akutazame. Na nyie mnaokanda wakwe zenu, maji yanayotokota ni ya ugali. Kidonda kinasafishwa kwa maji safi ya uvuguvugu, basi.

Nimalizie na asubuhi niliyokwenda tena kwa baba mkwe, daktari aliponiruhusu kuchuchumaa. Aliniona kwa mbali, akanyanyuka. "Usihangaike, mkwe wangu, niamkie hivyo hivyo."

"Niache, baba."

Nikapiga magoti. Nikabana. Nikapiga makofi taratibu. Yeye anasikiliza, mimi nasikiliza. Kimya! Jogoo tu anawika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, anatabasamu. "Naona heshima imerudi."

Safari hii sikumeza mate.

"Heshima nilikuwa nayo siku zote, baba. Kilichokosekana ni msuli."