Ofisi ya Baba Ilipohamia Dodoma

Nyie wenzangu mliokulia Keko ile ya mikorosho, mnakumbuka tulivyokuwaga tukicheza rede mpaka magoti yanageuka meupe kwa vumbi? Tukirudi, tunapewa muhogo wa kuchoma na kipande cha nazi. Siku hizi mtoto anacheza kwa kidole gumba, akiinuka anasema kachoka.

Mie michezo yangu ilikatika siku moja tu. Nilivunja ungo, nikawekwa ndani. Sie Wazaramo, mwali haonwi na mwanamume, hata babake, na sauti yake haisikiki nje mpaka atolewe kwa ngoma. Mlinzi wangu alikuwa bibi, mamake mama, na macho yake hayakuwaga na usingizi.

Baba alikuwa tarishi wa serikali mjini. Jioni moja nikamsikia sebuleni anamwambia mama kwamba ofisi yao inahamishiwa Dodoma, mafaili, makabati na watu wake. Akamwigiza bwana mkubwa wao, Mzungu, kwa kile Kiswahili chake cha kukanyagakanyaga: "Wewe kwenda na faili. Hapana kwenda, hapana kazi." Hakuna aliyecheka.

Baba akaomba nitolewe mapema, japo anione kabla ya safari. Bibi akamjibu taratibu, "Mzungu wako anahamisha makabati, baba. Mwali si kabati." Ikaamuliwa atangulie peke yake, mie nikishatolewa tumfuate na mama.

Asubuhi ya safari akaja nyuma ya nyumba, penye ukuta wa chumba changu. Akakohoa.

"Mwanangu, naondoka. Usinijibu, najua mwiko. Gonga ukuta tu, nijue umenisikia."

Nikainua mkono. Bibi akanitazama. Nikaushusha.

Akangoja. Wallahi alingoja sana. Halafu nikasikia viatu vyake vya kazi vinakwenda.

Nilitolewa baada ya mavuno, ngoma ikakesha. Baba alikwishazikwa huko huko Dodoma, homa ilimchukua wiki tatu kabla.

Juzi mjukuu wangu kaja kuniaga, wizara yao nayo imehamia huko. Kasimama mlangoni, begi begani, macho kwenye simu: "Bibi, usijali, nitakupigia video." Sie tulifunzwa adabu ya kunyamaza, hawa wanaaga huku wanatembea. Nikamwambia weka simu, kaa chini. Nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamtazama kipaji, pua, kidevu.

"Bibi, treni itaniacha."

"Na ikuache," nikamwambia, wala sikumwachia.