Nilimwambia Mume Wangu Dripu Ile Ni Lazima

Kosa ni langu. Msinitafutie mtu wa kumlaumu, si daktari wala shetani. Ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, niliyemdanganya mume wangu.

Mimi ni mama wa Ngara, huku Mugoma. Mama! Naitwa hivyo kwa heshima tu, mtoto sina. Tumefunga ndoa kanisani, tumelima, tumejenga, nyumba kimya. Nimesali mpaka magoti yameota sugu. Rozari isipojibu naongeza novena, novena isipojibu naongeza kufunga. Ndivyo nilivyozoea, ukiona kimya, ongeza.

Mwishowe tukakubaliana niende Mwanza kupandikiza mimba. Mume wangu akauza ng'ombe wote isipokuwa Gaju, jike mwekundu ambaye baba mkwe alimgabia mume wangu, yaani alimzawadia kwa heshima, tulipooana. Akasema, "Huyu tumwache. Jaribio la kwanza likishindikana, nitaenda kwa mzee kuomba ruhusa ya kumuuza, Gaju ndiye atatupeleka mara ya pili." Yeye akabaki na shamba.

Kule vilipatikana viinitete viwili, wakavigandisha mpaka mwili wangu uwe tayari. Ndipo daktari, dada mmoja mpole, akanieleza kuwa kuna vya nyongeza: kukwaruza ukuta wa kizazi, na dripu nyeupe ya mafuta, eti mwili usikikatae kiinitete. Akasema wazi, "Mama, haijathibitika kwamba vinasaidia. Tunavyo kwa sababu watu wanaviomba. Ni hiari yako, na mimi nisingekushauri umalizie akiba yako hapo."

Jamani, nilisikia! Siwezi kusema sikusikia. Lakini moyoni nikawaza, nikikataa halafu mimba isishike, si nitakuwa nimemkataa mwanangu mwenyewe? Mama gani anambania mtoto wake?

Nikampigia mume wangu. "Daktari anasema ni lazima. Bila hivyo hawezi kuendelea, na wanataka jibu leo." Nikamsikia anashusha pumzi. "Basi sina muda wa kwenda kwa mzee," akasema. "Nampeleka Gaju mnadani."

Nikakwaruzwa. Wakanipandikizia kiinitete kimoja, nikatundikiwa dripu. Naitazama inavyoshuka, nyeupe kama maziwa, nasema kimoyomoyo, kunywa mwanangu, kunywa. Ujinga gani ule, Mungu wangu!

Mimba haikushika.

Mume wangu alikuja kunichukua. Akamuuliza daktari, kwa upole wake ule ule, "Na hivi vya lazima, navyo vimeshindwa?" Daktari akanitazama, akamtazama yeye. "Baba, havikuwa vya lazima. Nilimweleza mama." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukapanda basi la kurudi. Tulipofika Biharamulo akashuka, akarudi na hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa. Ndipo aliposema, "Ungeniambia ukweli, labda ningekataa, labda ningekubali. Lakini na mimi ningekuwa baba yake. Ungeniachia nichague." Heri angenipiga! Tangu siku ile tunasalimiana, tunakula, tunalala. Habari ya mtoto haitajwi tena ndani ya nyumba yetu.

Kiinitete cha pili bado kiko Mwanza kwenye barafu. Cha kukifuatia hatuna, na walishatuambia hawatakitunza milele. Kila nikiamka najiuliza kama bado kipo, au wameshakitupa na mimi niko hapa napalilia maharage.

Dada zangu, ukiambiwa kitu hakijathibitika, elewa hivyo hivyo. Usijitungie maana yako kwa sababu una uchungu. Kukikataa si kumkataa mtoto. Na mwenzio mpelekee neno lile lile uliloambiwa, usiongeze hata chumvi. Mimi nimeongeza, na sioni pa kutokea.

Baba mkwe hajui kitu. Kwetu ng'ombe wa kugabiwa hauzwi kimya kimya, ni kumtukana aliyekupa, na mume wangu anaibeba aibu hiyo kwa uongo wangu. Tulimwambia mzee kwamba Gaju yuko Murukulazo kwa rafiki, kwenye malisho mazuri.

Jana kapita nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gaju wetu hajazaa tu?"

"Bado, baba."

Akanishika bega. "Atazaa," akasema. "Msimkatie tamaa."