Mikaratusi Yangu ya Bondeni

Mikaratusi ya bondeni niliipanda mwenyewe, nisimsingizie mtu. Huku Kifanya kila mwenye shamba alikuwa anapanda miti, nami nikaona bonde lile lenye unyevu lisikae bure. Nikachomeka miche kuizunguka chemchemi yenyewe. Ikapaa. Wapita njia walinisifu, na mimi kwa kupenda sifa sijambo.

Chini ya chemchemi hiyo ndipo palipokuwa na vinyungu vya mama mkwe wangu, yale matuta ya bondeni tunayolima kiangazi mlimani kukiwa kumekauka. Kwa vinyungu hivyo alisomesha watoto wake wote, mume wangu akiwemo. Miaka ikapita, maji yakapungua, mpaka kiangazi kimoja mahindi yakanyauka yakiwa ya magotini. Mama akatundika jembe lake ukutani. Kuliona pale kuliniuma kuliko matusi.

Basi nikatafuta wa kumlaumu. Jirani yetu wa upande wa juu ana bwawa la samaki, nikajua tu ni yeye anayetunyonya maji. Jumapili baada ya ibada nikampa vidonge vyake mbele ya washarika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema taratibu, "Mama, bwawa langu lilikauka kabla ya chemchemi yako. Njoo uone."

Nilienda nimevimba. Bwawa lilikuwa tope lililopasukapasuka. Tukashuka hadi kwenye chemchemi, akachimba ukingoni kwa jembe, na kila alipochimba alikuta mizizi ya mikaratusi yangu. Siku ile ardhi ingenimeza ningeishukuru.

Nilipotaka kuikata, mnunuzi wa nguzo kutoka Makambako alisema miti haijafikia kimo, nivute subira miaka mitatu. Mume wangu naye akamuunga mkono. Nikamuuliza, mama yako kwa umri ule, hiyo miaka mitatu ataitoa wapi? Akaenda kunoa shoka. Tukakata ya bondeni yote. Ya mlimani tukaiacha, ile iko mahali pake na inatulisha mpaka leo.

Kumbe kukata ndiyo kazi nyepesi. Mkaratusi ukiukata, kisiki kinachipua kama kimekasirika. Misimu miwili nilishuka kila wiki kukwanyua machipukizi, na jirani yule niliyemchamba alikuja na shoka lake kung'oa visiki, bila kuitwa. Mahali pake tukapanda mivengi, miti ya asili inayopatana na maji.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi ya baridi ya kung'ata, mguu wangu ulizama kwenye tope karibu na chemchemi. Tope, jamani! Nikapiga vigelegele peke yangu bondeni kama mwendawazimu. Wiki chache baadaye maji yalikuwa yanatiririka, membamba lakini yanatiririka, nikaenda kumshika mkono mama mkwe. Alichovya vidole, akanawa uso, akaniagiza jembe lake.

Nilipanda kilima mbio, mimi na magoti yangu mabovu, nalia huku nacheka. Mama alilima tuta moja, akatweta, akanikabidhi mpini.

"Malizia," akasema. "Na usiniharibie tena."

Nalima hapo mpaka leo. Mahindi mabichi ya kwanza nampelekea jirani, na bado nikimkabidhi namwangalia miguuni, si machoni.